Pedi za breki za nyuma kwenye Golf ya Likoni: shajara ya mradi

Jumamosi. Kukagua

Gari ni Volkswagen Golf toleo la tano, lile lililoanza kuundwa 2003. Liliteremshwa kwenye bandari hiihii yetu likitoka Japan, na tangu nilinunue linaishi Likoni, Mombasa, maana yake linalala kwenye hewa ya chumvi na kuamkia foleni ya feri. Kazi ni kubadilisha pedi za breki za nyuma, kushoto na kulia, uani kwetu chini ya mwarobaini. Msaidizi ni mpwa wangu wa kidato cha tatu, ambaye ujira wake ni kuruhusiwa kuliwasha gari.

Taa ya dashibodi haikusema kitu, wala sikuitarajia. Kwenye gari hili waya wa kuonya uko kwenye pedi za mbele tu; za nyuma zaweza kwisha hadi bati la mgongoni mwake na dashibodi imenyamaza. Dalili zilikuwa mbili. Rimu ya nyuma kushoto imejaa vumbi jeusi kuliko zote, na ukiisogelea baada ya safari unasikia joto lake usoni. Pili, hendibreki imekuwa nzito kuvuta na goigoi kurudi. Hili la pili naliandika mapema kwa sababu huenda tukalihitaji mbele.

Uani kwetu ni mchanga mtupu. Jeki ukiiweka juu ya mchanga inazama upande mmoja wakati gari linapanda upande mwingine, na hapo ndipo watu huumia. Nimeweka ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Magurudumu ya mbele nimeyakingia mawe mbele na nyuma, gia nimeiacha kwenye P, hendibreki nimeiachia kabisa. Lazima iachiwe, kwani ikiwa imevutwa, kalipa (kile kibano kinachozibanisha pedi kwenye diski) imeng'ang'ania diski na haitoki. Gurudumu likishatolewa nalilaza chini ya gari, usawa wa mlango. Stendi ikisaliti, gari liangukie tairi, lisimwangukie mtoto wa watu.

Rimu yenyewe iligoma kwanza. Rimu za aloi na habu ya chuma, kile kitovu zinapofungiwa, zikikaa miaka kwenye chumvi huoana. Nililishusha gari, nikalegeza boliti nusu mzunguko tu, mpwa akalisukuma mbele na nyuma hatua moja moja hadi tukasikia "ta!" Imeachia.

Vipimo: kulia, pedi ya ndani milimita 5, ya nje milimita 5 pia. Kushoto, ya nje 6, ya ndani chini ya 2. Pedi mpya huwa na kama 11, na kikomo ni 2 bila kuhesabu bati. Diski zinafaa bado. Za gari hili hutoka kiwandani na unene wa milimita 10, na zikifika 8 zitupwe. Zangu zimebaki na 9 na kidogo. Upime ndani ya ule mdomo wa kutu ulioko ukingoni, si juu yake, la sivyo diski iliyokwisha itajifanya nzima.

Ile tofauti ya kushoto ndiyo habari yenyewe. Kalipa hizi zina pistoni moja tu, upande wa ndani. Ukikanyaga breki, pistoni inaisukuma pedi ya ndani ibane diski. Diski haina pa kwenda, kwa hiyo kalipa nzima inateleza juu ya pini zake mbili na kuivuta pedi ya nje nayo ibane. Pini zikiganda, hakuna kuteleza: pedi ya ndani inafanya kazi ya wawili, na breki ikiachiwa inabaki imeegemea diski. Hivyo nilijua kabla ya kugusa spana kwamba kununua pedi mpya na kuzipachika juu ya pini zilezile ni kuzitupa baharini. Ukimpa gari fundi wa haraka haraka, hapo ndipo anapokupunja: pedi mpya anaweka, pini hazitazami, na baada ya miezi unarudi kwake na faida yake inarudi nawe.

Na kwa nini kushoto? Twaendesha kushoto, na madimbwi yote ya barabara zetu hukaa kando.

Jumatatu. Dukani

Nilivuka kwenda mjini. Muuzaji hakuuliza mwaka wala namba ya chesisi.

"Nyuma ya Golf? Hizi hapa dada, zaingia Golf zote."

Hakuna pedi inayoingia Golf zote. Magari ya jina moja yaweza kutoka kiwandani na diski za vipenyo tofauti na kalipa tofauti. Volkswagen huandika aina ya breki kwenye stika iliyoko butini, karibu na tairi la akiba, katikati ya misimbo mingi ya herufi tatu tatu. Ule wa breki za nyuma huanza na 1K. Nilikuwa nimeipiga picha stika hiyo. Nilipomwonyesha akaenda nyuma ya rafu, akarudi na boksi jingine, na bati la pedi zake lilikuwa na masikio mengine kabisa. Mwenye gari la aina hii apige picha stika yake leo, kabla haijachubuka.

Nimetazama vitu viwili nyuma ya pedi. Cha kwanza ni herufi E ndani ya duara na namba inayoanza na 90R. Hiyo ni kanuni ya Ulaya ya pedi za kubadilishia: mshiko wake usipishane na wa pedi asilia kwa zaidi ya asilimia 15. Cha pili ni herufi mbili za msuguano. Zangu ni FF. Ya kwanza inasema habari ya breki ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto; F ni kati ya 0.35 na 0.45, na E ni chini yake, 0.25 hadi 0.35. Ukikuta herufi ya pili iko chini ya ya kwanza, ujue pedi hiyo inalegea ikipata moto. Bila shaka anayeghushi boksi anaweza kughushi na herufi. Ndiyo maana nikazishika pia: kingo zimekatwa sawa, hakuna ufa kati ya pedi na bati, na nne zote zina uzito uleule mkononi.

Ndani ya boksi mlikuwa na boliti nne mpya za kalipa, zenye gundi iliyokauka kwenye nyuzi zake. Hizo si zawadi. Boliti za zamani hazirudishwi, kwa kuwa gundi yake hushika mara moja tu.

Kilichonisumbua ni grisi. Nilitaka grisi ya silikoni, ya kupaka pini. Maduka mengi walinipa ile ya kopo, ya beringi, na mmoja akaniambia, "Grisi ni grisi, dada." Hapana. Raba za breki zimetengenezwa kuvumilia mafuta ya breki, na hazivumilii mafuta ya petroli na jamaa zake. Ukizipaka grisi ya beringi zinavimba, zinaishika pini, na umerudi ulikotoka. Niliipata ya silikoni kwa muuza spea za pikipiki, kitubu kidogo cha ukubwa wa dawa ya macho.

"Na nani atakufungia?" yule wa pedi aliniuliza akiandika risiti.

"Mimi."

"Haya. Ukikwama, fundi wangu yuko hapo nje." Alisema kwa adabu, sikuona ubaya.

Jumatano usiku. Kifaa cha pistoni

Pedi mpya ni nene, kwa hiyo pistoni iliyotoka nje miaka yote hii lazima irudishwe ndani. Mpwa ameshatazama video nyingi na anakuja na klampu ya seremala. "Shangazi, unaibana tu, inaingia."

Kwenye kalipa za mbele, sawa. Nyuma ya Golf hii, hiyo ndiyo njia ya kuua kalipa nzima. Hendibreki ya gari hili haina viatu vyake ndani ya diski kama zilivyo Subaru nyingi. Inatumia pistoni ileile. Ndani ya pistoni mna msumari wa nyuzi na nati. Pedi zinapokwisha kidogo kidogo, nati inajizungusha na kusogea, ili hendibreki isizidi kwenda mbali. Ukiisukuma pistoni kwa nguvu, unazisukuma nyuzi hizo dhidi yake zenyewe. Inatakiwa izungushwe huku ikisukumwa, kama kifuniko cha chupa ya achari, na kwenye gari hili pande zote mbili huzungushwa kufuata saa. Yako magari mengine ambayo kushoto na kulia hupishana, kwa hiyo usiige kabla ya kuuliza.

Kifaa chenyewe ni skrubu kubwa yenye bamba la vijino viwili, vinavyoingia kwenye mikato miwili iliyoko usoni mwa pistoni. Wako wanaotumia koleo yenye ncha. Koleo ikiteleza inachana raba ya vumbi, na raba ikichanika maji ya chumvi yamepata mlango. Nimekiazima kwa fundi wa Mtongwe, ambaye alikubali kwa sharti la kumwachia kitambulisho. Kitambulisho changu sasa kiko kwenye kopo la misumari gerejini kwake.

Jirani yangu wa Passat alipoona kifaa akataka nimfanyie na yake. Ya kwake ni B6, hendibreki ni swichi, na inavutwa na mota iliyoko kwenye kalipa. Hiyo huigusi mpaka kompyuta iiambie mota irudi nyuma. Nimemwambia kazi yake inaanzia kwenye kompyuta, haianzii kwenye spana.

Jumamosi. Upande wa kulia, halafu mvua

Nimefanya upande mmoja kwa wakati, ili ule mwingine ubaki mzima wa kutazamia.

Kulia hakukuwa na hadithi. Boliti za kalipa zina kichwa cha 13; pini yenyewe unaishika na spana nyembamba ya 15 isizunguke. Kalipa ilipotoka tuliifunga kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wake wa mafuta hata dakika moja, mpira ukipata ufa wa ndani hutauona. Vumbi nimelifuta kwa tambara bichi. Mpwa alishaleta pampu ya baiskeli alipulize, nimemnyang'anya. Vumbi la breki halipulizwi, si kwa pampu wala kwa mdomo.

Kabla ya kuzungusha pistoni nilifungua kifuniko cha tangi la mafuta ya breki na kufyonza kidogo kwa sindano kubwa ya duka la dawa, maana pistoni ikirudi nyuma mafuta hupanda, na yakimwagika kwenye rangi ya gari rangi huondoka. Yalikuwa na rangi ya kahawa tungu. Mapya huwa ya manjano hafifu. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewani hata kama kifuniko kimefungwa, na Mombasa unyevu hatuununui. Kwa kiwango cha DOT 4, yakiwa makavu hayachemki chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi. Yakishanywa maji kiasi, kiwango kinashuka hadi 155. Yakichemka, pedali inazama na gari haliko nawe. Nimeliandika kwenye orodha ya kazi zijazo.

Pistoni iliingia taratibu bila kelele. Sehemu zile mbili ambamo masikio ya pedi hukaa nilizikwangua kwa brashi ya waya na tupa hadi chuma kikang'aa, vibanio vipya vya kukalia pedi vikaingia, pedi zikaingia na kuteleza kwa kidole. Hicho ndicho kipimo. Pedi inayohitaji nyundo kuingia itahitaji nyundo kutoka, na katikati hapo itakuwa inachoma diski.

Tulipotaka kuhamia kushoto kusi likaleta mvua. Si rasharasha. Tulikimbiza vyombo barazani, gari likabaki kwenye stendi na upande wa kulia umeshafungwa.

Jumapili na Jumatatu. Kushoto

Hapa ndipo penye kazi, na hapa nitakaa.

Pini ya juu ilitoka kwa mkono. Ya chini haikutingishika. Niliishika kwa spana ya 15 nikajaribu kuizungusha, spana ikapinda kabla ya pini kufikiria. Jirani yetu mzee, fundi aliyestaafu, alikuwa amekuja na kiti chake cha plastiki na kikombe cha kahawa, akatazama muda mrefu bila neno.

"Mwanangu, usiivute. Izungushe. Kwenda na kurudi, kidogo kidogo, kama una siku nzima."

"Na moto, mzee?"

"Moto hapo? Una raba, una waya wa ABS. Leta birika."

Maji ya moto birika zima juu ya ile fremu inayoshika pedi, kisha matone ya mafuta ya breki kwenye mdomo wa pini, kisha spana kwenda na kurudi. Mara ya kwanza ilisogea upana wa unywele. Tukarudia. Ikawa upana wa ukucha. Mafuta ya breki yakaanza kutoka yakiwa mekundu na mazito kwa kutu, na ndani yake tope la kijivu la grisi ya zamani, na nilipolisugua kati ya vidole nikasikia chembe za mchanga. Mchanga wa pwani, mweupe, umeingiaje mle ndani sijui, lakini raba ya pini hiyo ilikuwa na mpasuko usiozidi nusu ya punje ya mchele. Mpasuko huo ndio uliokula pedi ya ndani.

Pini ilitoka kabla ya adhuhuri. Niliitumbukiza kwenye siki jikoni, pamoja na ile ya juu, na kuziacha zilale. Hiyo ndiyo kazi ya siki: inalegeza kutu bila kukwangua chuma. Asubuhi ya Jumatatu ya juu ilitoka nyeupe na laini. Ya chini ilitoka nyeupe na imejaa vishimo, pale hasa raba inapokaa. Pini yenye vishimo hata ukiipaka grisi ya dhahabu itakwaruza raba mpya na kufungulia maji. Nikaitupa. Mpwa alitaka niisugue kwa msasa mpaka vishimo viishe. Vishimo vikiisha pini itakuwa nyembamba, itachezacheza, na breki itagonga kila ukipita tuta.

Kwa hiyo Jumatatu nilivuka kwa miguu, ambapo angalau feri haikutozi kitu, nikanunua seti ya pini na raba zake. Ni bei ndogo kuliko pedi. Ukiwa mkazi wa pwani nunua seti hiyo siku ileile unayonunua pedi, hata kama zako zinateleza.

Fremu yenyewe sikuitoa. Boliti zake zinataka biti ya meno 12 na zikitoka hazirudi, ni mpya kwa mpya. Niliisafisha ikiwa palepale, nimelala ubavu juu ya gunia. Chini ya kibanio cha zamani kutu ilikuwa imevimba hadi kukiinua; ukikitoa inabanduka vipande vipande. Tupa, brashi, tambara, tupa tena. Pedi mpya niliijaribu kila baada ya muda hadi ikakubali kusogea kwa kidole kimoja.

Kisha kufunga: silikoni kidogo kwenye pini, raba mpya zikae kwenye mfereji wake, zitolewe hewa kwa kubinywa. Boliti mpya kwa nguvu ya Nm 35 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Gurudumu Nm 120, boliti moja ikifuatiwa na ya mkabala wake. Spana ya kipimo ni ya mzee. Alisimama juu yangu mpaka alipoisikia ikilia kwenye kila boliti.

"Sasa usiwashe gari," akasema. "Kanyaga kwanza."

Pedali ilizama hadi sakafuni. Ni kawaida, pistoni ziko mbali na pedi. Kanyaga, achia, kanyaga, achia, hadi ikawa ngumu mguuni. Anayesahau hatua hii hulitoa gari uani na kugundua langoni kwamba hana breki. Baada ya hapo nikatazama tangi na kuongeza mafuta hadi kati ya alama mbili.

Jumanne. Joto

Safari ya kwanza, Likoni hadi upande wa Ukunda na kurudi, breki za polepole, hendibreki haikuguswa. Niliporudi nilinyunyizia matone ya maji kwenye diski kupitia matundu ya rimu. Kulia yalikauka taratibu. Kushoto yaliruka na kulia "chii".

Pini mpya, pedi huru, pistoni imezunguka vizuri. Kimebaki kitu kimoja, na ndicho nilichokiandika siku ya kukagua. Nyuma ya kalipa kuna kikono kidogo kinachovutwa na kebo ya hendibreki. Hendibreki ikiachiwa, kikono lazima kirudi mpaka kigote kwenye kizuizi chake. Cha kulia kimegota. Cha kushoto kimesimama kabla ya kufika, nafasi ya kupitisha funguo.

Mtu angesema kalipa imekufa, nunua nyingine. Nilitoa ncha ya kebo kutoka kwenye kikono. Kikono kikaruka chenyewe kikagota, "tak", springi ina nguvu zake. Kalipa haina hatia. Kebo ndiyo iliyokuwa ikishikilia: waya wake umeota kutu ndani ya ganda, unavutika lakini haurudi. Jaribio hili halina gharama, linataka mkono tu, na laweza kukuokolea bei ya kalipa nzima.

Wiki iliyofuata. Kebo

Mpaka kebo ipatikane nimeliacha gari nyumbani na kupanda matatu. Kuna wanaoweza kuishi bila hendibreki kwa kuegesha kwenye tambarare. Mtu wa Likoni hawezi. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua ambapo bahari yetu hushuka mita tatu na ushei, ule mteremko wa kuingilia feri hubaki mrefu na wenye utelezi, na magurudumu ya nyuma hukanyaga maji ya chumvi kabla hujapanda. Ndani ya feri unavuta hendibreki. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lililokuwa ndani ya MV Harambee lilirudi nyuma likatumbukia kivukoni, na mama na bintiye wakafariki. Sitaki kusema zaidi juu ya hilo, ila sivuki na kebo iliyoota kutu.

Kebo za gari hili ni mbili, kila gurudumu na yake. Nilinunua zote mbili, kwa kuwa ya kulia ni pacha wa kushoto na imekunywa chumvi ileile. Kuzibadilisha ni uchafu zaidi kuliko ugumu: unafungua kifuniko cha kati ya viti, unalegeza nati ya kurekebishia, unavua kebo, unaisukuma mpya ifuate njia ileile chini ya gari. Kurekebisha ni kukaza nati mpaka vikono vya kalipa vianze kuachana na vizuizi vyake, kisha kurudisha kidogo vigote. Mpwa alilala chini akitazama vikono na kupiga kelele, "Bado! Bado! Basi!"

Tulijaribu kwenye mteremko wa murram nyuma ya nyumba, gia kwenye N, mpwa kasimama kando na jiwe tayari. Gari halikusogea likitazama juu, wala likitazama chini.

Baada ya kilomita 200

Kilomita 200 za kwanza pedi mpya hazijashika sawasawa na diski, kwa hiyo nimekuwa nikiacha nafasi kubwa mbele na kukwepa breki za ghafla, jambo ambalo kwenye daraja la Nyali saa ya jioni linakufanya uchomekewe na kila tuktuk.

Matone ya maji sasa yanakauka sawa pande zote mbili. Vumbi la rimu nalo ni sawa. Hendibreki inavutwa kwa mkono mmoja na kurudi bila kubembelezwa. Nimezikaza tena boliti za magurudumu kwa Nm 120. Hakuna iliyokuwa imelegea. Diski ya kushoto ina mistari ya zamani ya ile pedi ya ndani, haizami ukucha, nimeiacha.

Ninachofanya tofauti sasa ni maji. Kila wikendi, na siku yoyote niliyokanyaga maji ya kivukoni, naelekeza mpira wa maji baridi ya bomba nyuma ya magurudumu, gari likiwa limepoa kwanza, kisha nazunguka mtaa mmoja nikikanyaga breki polepole ili zikauke. Gari likiegeshwa na diski mbichi, asubuhi pedi imegandana nayo.

Kifaa cha pistoni kimerudi Mtongwe na kitambulisho kimerudi kwangu, kikinuka dizeli. Kilichobaki kwenye orodha ni yale mafuta ya breki ya rangi ya kahawa. Nimenunua lita moja ya DOT 4, chupa haijafunguliwa na haitafunguliwa mpaka siku ya kazi, kwa kuwa ikishafunguliwa nayo inaanza kunywa hewa ya Likoni. Nasubiri kaskazi, hewa ikauke kidogo na mvua ziachane nasi, kisha niyabadilishe.